Mbwa anayebugia chakula: anza na dalili, sababu utaiona

Unaweka bakuli chini, unageuka kuchukua maji, ukirudi bakuli limeshalambwa linang'aa na mbwa kasimama anakutazama utadhani hajapewa kitu. Wengi tunasema tu huyu mlafi, basi, inaishia hapo. Mimi naomba isiishie hapo. Kubugia ni dalili, na ukifuatilia kwenye nyumba nyingi za huku kwetu utakuta aliyemfundisha mbwa kula vile ni sisi na utaratibu wetu, mlo mmoja kwa siku, sufuria moja mbwa watatu, ugali mtupu hauna kitu ndani, alafu lawama zote anabebeshwa mbwa.

Tuelewane kwanza kwenye hili, mbwa kumeza haraka kiasi fulani ni kawaida yake. Ana meno 42 ila yametengenezwa kwa kurarua na kukata, taya lake linaenda juu na chini tu halisagi kwa pembeni kama la kwetu, na mate yake hayaanzi kumeng'enya ugali mdomoni, kazi hiyo yote inafanyika huko chini tumboni na kwenye utumbo. Kwahiyo usitegemee mbwa atafune tonge kama mtu. Kinachotakiwa kukushtua ni pale haraka hiyo inapokuja na kitu kingine, anakabwa, anarudisha chakula, tumbo linajaa, anakonda japo anakula, au anang'aka mtu akisogea. Hapo sasa ndo tunaanza kutafuta.

TUMBO LIMEVIMBA, ANAJIKAMUA KUTAPIKA HAKITOKI KITU

Hii naiweka mwanzo kwasababu ukiwa nayo sasa hivi huna muda wa kusoma mpaka chini. Mbwa kala, labda kameza na hewa nyingi, baada ya muda unamuona hatulii, analala anainuka, anazunguka, anageuka kuangalia ubavu wake, mate yanamtiririka, anajikamua kutapika lakini hakitoki kitu au linatoka povu tupu. Ukishika nyuma ya mbavu tumbo limekaza, ukiligonga kwa kidole linalia ngoma. Fizi zinapauka. Hapo tumbo limejaa gesi na inawezekana kabisa limeshajisokota, yani limejipinda lenyewe, njia ya kuingilia chakula na ya kutokea zote zimejifunga, damu hairudi vizuri kwenye moyo, na mbwa anaweza kufa ndani ya masaa machache tu.

Usimpe soda, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula wala maji ya chumvi, na usisubiri kukuche. Piga simu kwa daktari wa mifugo huku mnamuingiza mbwa kwenye gari, muulize swali moja, ana uwezo wa kufanya operesheni leo hii au hana, kama hana akuelekeze kwa mwenye nao hapohapo, maana tumbo likishajipinda hakuna sindano ya kulinyoosha. Wanaowahi wengi wanapona. Wanaochelewa karibu wote wanakufa, na wanakufa kwa maumivu makali.

Wanaopatwa zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu cha kwenda chini, Great Dane, German Shepherd, Rottweiler na wengine wa umbo hilo, japo hata wa kienyeji anaweza. Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walifuatilia mbwa wa mbegu kubwa wakatoa matokeo mwaka 2000, na vitu vilivyoonekana kuongeza hatari ni umri kuwa mkubwa, kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupatwa, kula kwa kasi, na bakuli lililonyanyuliwa juu. Hilo la mwisho linawashangaza watu kwasababu vile vistendi vya bakuli vinauzwa kama kitu cha kumsaidia mbwa. Kwa mbwa mkubwa mzima wa afya weka bakuli chini sakafuni, kistendi kiwe tu pale daktari alipokuagiza kwa sababu maalum.

Sasa angalia mbwa wa ulinzi wa mijini kwetu anavoishi. Kutwa yupo bandani. Jioni saa moja anawekewa sufuria zima, chakula cha siku nzima kwa mkupuo, anakimaliza ndani ya dakika, na mlango wa banda unafunguliwa palepale, anatoka mbio mpaka getini anabweka na kurukaruka. Mlo mmoja mkubwa, kasi, alafu purukushani. Kila nikiona utaratibu huu napata wasiwasi, na kuubadilisha wala haiongezi gharama, chakula kilekile kigawe nusu asubuhi nusu jioni, na cha jioni mpe kama saa moja kabla ya kumfungulia. Kuhusu mazoezi baada ya kula ushahidi wake hauna nguvu kama ule wa mlo mmoja mkubwa, ila kumuacha atulie saa moja hakukugharimu chochote.

Na kama mbwa wako ni wa mbegu hizo kubwa na unampeleka kufungwa kizazi, muulize daktari kama anaweza kulishonea tumbo kwenye ukuta wa ndani wa ubavu, nyuma ya mbavu, hukohuko akiwa ameshamlaza. Gesi bado itaweza kujaa lakini tumbo halitajipinda kirahisi, na kinachoua haraka ni kule kujipinda.

ANAKABWA AU KITU KIMEMKWAMA

Kuna kupaliwa na kuna kukabwa. Aliyepaliwa anakohoa, hewa inapita, sauti inatoka, huyo muache akohoe mwenyewe maana kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Aliyekabwa hatoi sauti au anatoa mluzi mwembamba, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, macho yamemtoka, ulimi na fizi zinageuka bluu.

Huyo wa pili, fungua mdomo uangalie, ukikiona kitu na unakifikia kitoe, usipokiona usiingize kidole kupapasa gizani maana utakisukuma ndani zaidi. Mbwa mdogo mshike miguu ya nyuma kichwa kiangalie chini umtikise kidogo. Mbwa mkubwa simama nyuma yake, mzungushie mikono tumboni, ngumi ikae pale laini mbavu zinapoishia, sukuma kwa nguvu kwenda ndani na kuelekea mbele mara kadhaa alafu angalia tena mdomoni. Hata kikitoka mpeleke akaangaliwe, koo linaweza kuwa limechanika ndani.

Lakini kabla hujaingiza mkono kwenye mdomo wa mbwa yeyote, na hapa nasisitiza kwa moyo wote, jiulize amechanjwa kichaa cha mbwa au la. Mbwa mwenye kichaa saa ingine hang'ati wala hakimbii ovyo, anakaa tu taya limelegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti imebadilika, na kila anayemuona anasema huyu ana mfupa kooni. Watu wanaingiza mkono kutoa mfupa ambao haupo. Kama mbwa hana chanjo, au humjui, na hukumuona akila kabla ya hali hiyo kuanza, mfungie sehemu umwite daktari wa mifugo. Akishakung'ata au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Kwa binadamu ugonjwa huu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Turudi kwenye chakula. Vinavyokaba sana kwetu ni vichwa na miguu ya kuku, miiba ya samaki, mifupa ya mabaki ya nyama choma, na bonge la ugali mgumu ambalo mtu amelitupa zima. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, ikishapikwa inapasuka vipande vyenye ncha, na mbwa anayebugia hana hata muda wa kuivunjavunja, inashuka vilevile. Ugali uvuruge kwa mkono mpaka uwe chengachenga, alafu uguse kama umepoa mpaka katikati. Juu unaweza kuwa wa vuguvugu na ndani unachoma, mtu unautambua kwa vidole kabla ya kuweka mdomoni, yeye anameza ndo anakuja kugundua.

ANAKULA, BAADA YA MUDA KIDOGO ANARUDISHA

Hapa angalia kwa makini maana kuna vitu viwili vinafanana sana kwa mbali. Kuna kutapika, unaona tumbo linajikunja, anasukuma kwa nguvu mara kadhaa, kinatoka chakula kilichoanza kulainika labda na maji ya njano. Na kuna kucheua, hajikamui, anainamisha tu kichwa na chakula kinateleza kutoka kilevile alivokimeza, punje nzima, saa ingine kimejiviringa umbo la koo, na yeye anataka kukila tena.

Akicheua dakika chache baada ya kubugia, ni mchangamfu, uzito wake mzuri, kinyesi kizuri, basi uwezekano mkubwa ni kasi tu. Chakula kimeshuka kingi kwa pamoja na hewa, kimerudi. Punguza kasi kwa njia ninazosema huko chini na utaona inaisha. Isipoisha, au anacheua hata akila polepole, au anakonda, shida haipo kwenye kasi tena.

Kuna mnyoo mmoja ambao wafugaji wengi wa huku hawaujui na upo sana kwenye nchi za joto, kitaalamu unaitwa Spirocerca lupi. Unakaa kwenye ukuta wa koo la chakula, unatengeneza vinundu, na vinundu hivo baadae vinaweza kugeuka kansa. Mbwa anaupata kwa kula wale mbawakawa wanaoviringisha mavi, au kwa kula mnyama aliyewala hao mbawakawa, kuku, mjusi, panya. Sasa fikiria mbwa anayezurura, au anayepewa utumbo mbichi wa kuku wa kienyeji kila wikiendi. Dalili ndo hizohizo, anacheua, anameza kwa shida, mate, anakonda, na mwenye mbwa anaendelea kusema huyu anakula haraka sana. Dawa za kawaida za minyoo za dukani sio zote zinauwezo nao, kwahiyo mtajie daktari kwamba anacheua, usiseme tu anatapika, maana hayo maneno mawili yanampeleka daktari sehemu mbili tofauti. Na utumbo wa kuku chemsha uive kabisa kabla ya kumpa.

Kwa mtoto wa mbwa anayeanza kucheua mara tu alipoanza kula chakula kigumu, koo linaweza kuwa limelegea tangu kuzaliwa, linapanuka na chakula kinakaa humo hakishuki. Huyo asikae nyumbani mkimtazama, hatari yake ni chakula kuingia kwenye mapafu.

Damu kwenye matapishi, kutapika kunakorudiarudia siku nzima, mbwa kanyong'onyea, hospitali. Hapo hakuna cha kujadili.

HANA UGONJWA WOWOTE, ILA KASI SASA

Hapa ndo kwenye mbwa wengi.

Angalia kwanza anakula na nani. Jirani yangu ana mbwa wawili, dume kubwa na jike dogo la kienyeji, walikuwa wanawekewa sinia moja nyuma ya jiko. Ukimtazama yule jike anapokula unaona mwili wote umeelekea upande wa kukimbilia, mguu mmoja wa nyuma umeshaanza kuondoka, jicho lipo kwa dume, anameza tu bila hata kunyanyua kichwa kupumua. Yule siyo mlafi, anaogopa. Wakamhamishia bakuli lake upande wa pili wa nyumba, kwenye kona ambayo hamuoni mwenzake kabisa. Mwanzoni aliendelea kubugia vilevile, ila siku zilivosogea akaanza kunyanyua kichwa katikati ya kula, akawa anaacha kidogo anaenda kunywa maji anarudi. Kuwaweka mita 2 mbali huku wanaonana haitoshi. Inabidi kuwe na ukuta, mlango, au mmoja ale bandani mwingine nje. Na bakuli uliondoe wakimaliza, usiache la mmoja lenye mabaki mwingine akaja kulipekua.

Cha pili ni ratiba. Mbwa anayekula mara moja kwa masaa 24 atakula kwa njaa ya masaa 24. Mzima mpe mara 2. Mtoto chini ya miezi 4 mpe mara 3 mpaka 4, akifika miezi 6 hivi unaweza kushuka mpaka mara 2. Muda uwe uleule kila siku, mbwa wanashika muda vizuri sana, akishajua kwamba asubuhi ipo na jioni ipo ile papara inashuka. Ukimlisha leo saa moja kesho saa nne usiku keshokutwa umesahau, atakuwa na haki ya kubugia.

Cha tatu ni kilichomo ndani ya bakuli. Mbwa wa nyumbani anameng'enya wanga uliopikwa vizuri kuliko mbwa mwitu, wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, watafiti wa Uppsala kule Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba ana nakala nyingi zaidi za jeni, yani maelekezo ya kurithi mwilini, inayotengeneza kimeng'enya cha wanga, kwahiyo ugali wenyewe sio sumu kama baadhi ya watu wanavotisha. Ila ugali peke yake au pumba peke yake unamjaza tumbo bila kumlisha. Anashiba saa moja, njaa inarudi, na mlo unaofuata anaurukia. Weka dagaa, weka maini kidogo, mapupu, utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, yai, maharage yaliyoiva vizuri. Dagaa wanaoanikwa chini wana mchanga, waloweke kwenye beseni, utauona mchanga umetulia chini, mwaga rudia mpaka maji yawe safi. Mchanga kidogokidogo kila siku unamlundikia utumboni.

Pumba yenye ukungu au yenye harufu ya kuchacha usimpe hata kama muuzaji anasema mbwa anakula tu. Sumukuvu inaua ini la mbwa, na mbwa anayebugia ndo wa kwanza kuathirika kwasababu hanusi akakataa. Vilevile mabaki ya pilau na rosti yenye vitunguu vingi, vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu yake.

Kujua kama anapata cha kutosha usiangalie tumbo, shika mbavu. Pitisha viganja kwenye mbavu bila kukandamiza. Ukizihisi chini ya ngozi nyembamba na kwa juu ana kiuno kinachoonekana, sawa. Ukiziona kwa macho zimejipanga ukiwa umesimama mbali, hiyo ni njaa au ugonjwa. Ukizitafuta huzipati, amezidi, punguza, hata kama anakulilia.

Na wapo ambao kweli njaa yao ipo kwenye damu. Labrador ndo mfano wenyewe, mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walikuta karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa POMC, inayohusika na ubongo kupata taarifa kwamba nimeshiba. Huyo hata umpe mara 5 kwa siku bado atatafuta. Kwake suluhisho ni kupima chakula kwa kikombe kilekile kila mlo na kumpunguzia kasi kwa chombo, siyo kumuongezea.

ANAKULA SANA, ANABUGIA, NA BADO ANAKONDA

Minyoo kwanza. Hasa mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa la mviringo na mbavu nje, manyoya makavu yamesimama, huyo mtu anaona tumbo anasema kashiba kumbe ni minyoo. Dawa wanaanza wakiwa na wiki 2, wanarudia kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, wakubwa kila miezi 3. Dozi inaenda kwa uzito, panda naye kwenye mizani utoe uzito wako, usikadirie kwa macho, na usichukue dawa ya ng'ombe ukaanza kukisia matone. Baadhi ya minyoo ya mbwa inawapata na watoto wetu wanaochezea udongo uani, kwahiyo hii ni ya nyumba nzima.

Kama minyoo imetibiwa na bado, angalia kinyesi. Kingi kuliko alichokula, rangi imepauka kama udongo wa mfinyanzi, kina mafuta mafuta na harufu kali, na mbwa anakula mpaka mavi yake, hiyo ni dalili ya kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya, na German Shepherd ndo wanaopatwa zaidi. Inatibika kwa kumchanganyia vimeng'enya kwenye chakula maisha yake yote, ila lazima ipimwe. Anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana huku anakula kama hashibi, inaweza kuwa kisukari au tezi za juu ya figo. Na kama njaa imeanza ghafla wiki hii, kumbuka kapewa dawa gani, prednisolone wanazopewa kwa miwasho na phenobarbital za kifafa zote zinaongeza njaa sana. Usizikatishe mwenyewe, mwambie aliyeziandika.

VYOMBO VYA KUMPUNGUZIA KASI

Maduka ya vifaa vya wanyama mjini yanauza mabakuli yenye vigingi ndani, mbwa anakuwa anatafuta chakula kwenye mifereji. Ni mazuri, chagua gumu asiloweza kulitafuna na lenye mifereji mipana kidogo kama mbwa ana pua fupi. Ila hauhitaji kununua ili uanze leo.

Chukua sufuria pana, weka bakuli dogo la chuma katikati ukiwa umeligeuza juu chini, mwaga chakula kuzunguka. Mbwa atakula kwa kuzunguka mfereji, na bakuli likisogea anasogea nalo. Au jiwe kubwa laini lililooshwa, na ninaposema kubwa namaanisha hawezi kulitia mdomoni hata akipanua mwisho wake, la ukubwa wa embe kwa mbwa mkubwa ni hatari sio msaada. Cha ugali na mchuzi mimi napenda sinia la chuma, kile chakula unakitandaza chembamba sinia zima kwa mwiko, kinakaa karibu usawa wa sakafu, mbwa halazimiki kufungua mdomo wote anabaki kulamba, na kulamba kunachukua muda. Trei ya kuokea keki ndogo pia inafanya kazi, kila kishimo kidogo.

Chakula kikavu cha dukani unaweza kukitawanya kwenye sakafu safi ya zege au kwenye nyasi fupi ambazo hazijapigwa dawa, anatumia pua kuzitafuta punje moja moja. Kwenye mchanga usitawanye, atakula na mchanga, na ukiwa pwani huku uwanja mzima ni mchanga. Kukiloweka kidogo kwa maji kabla ya kumpa kunasaidia pia asipaliwe.

Chupa za plastiki zilizotobolewa matundu watu wanazitumia, mimi siziamini kwa mbwa anayebugia kwasababu huyohuyo ndo atakayetafuna chupa ameze vipande. Ukitumia kaa naye hapo, toa kifuniko na kile kipete cha shingoni, akishaanza kuipasua ichukue.

Siku ya kwanza usianze na kigumu. Mbwa mwenye papara akikutana na bakuli asiloliweza anakasirika, analipindua, analing'ata, au anaacha kula kabisa. Anza na rahisi, ongeza ugumu taratibu. Maji yawepo muda wote, anayekaa na kiu kutwa ataingiza maji kwa pupa juu ya chakula na hewa nayo inaingia.

ANANG'AKA UKISOGEA BAKULI

Anaganda, anakula haraka zaidi ukikaribia, jicho linakuangalia kwa pembeni, mdomo unapanda. Hayo yote ni maonyo kabla ya kung'ata na usimpige kwa kuyatoa, ukimpiga atajifunza kuruka hatua ya kuonya. Wapo wanaofundisha kwamba muingize mkono kwenye bakuli au mnyang'anye ili ajue nani bosi. Hiyo ndo inayomthibitishia kwamba kweli watu wanakuja kuiba, na kasi inazidi.

Fanya kinyume chake. Pita mbali, pale ambapo bado hajaganda, mrushie kipande cha kitu kitamu kuliko kilichopo kwenye bakuli, endelea na safari yako. Kila siku. Ukiona mkia umelegea na anakutazama akisubiri, sogea hatua moja. Watoto wasiwepo kabisa eneo ambalo mbwa anakula, hata mbwa mpole, na msichana wa kazi au mlinzi anayemlisha aelezwe hayahaya, maana mara nyingi yeye ndo anayeweka chakula na hakuna aliyekaa naye kumwelekeza.

UKIAMUA KWENDA KWA DAKTARI

Mrekodi kwenye simu, anavokula mwanzo mpaka mwisho na hasa anavorudisha chakula, kwasababu akifika kule meza ya chuma na harufu za mbwa wengine hatafanya chochote na daktari atabaki na maelezo yako tu. Beba kinyesi cha asubuhi hiyohiyo kwenye kikopo chenye mfuniko, kadi ya chanjo, jina la dawa ya minyoo ya mwisho na tarehe aliyopewa, na paketi ya dawa nyingine yoyote anayotumia. Ukiweza nenda na yule anayemlisha kila siku, maswali mengi yatamhusu yeye.